Rekoda ya elfu kumi na nne na treni ya Jumapili: zima hiyo oto kwanza

Nimekaa na hii rekoda ya sauti miezi mitano sasa, na kabla nianze kuisifu wacha nitoe ubaya wake mapema: inapenda kujifanya inajua kazi. Ukiitoa kwa boksi, uweke mawe, uweke kadi, ubonyeze kile kitufe chekundu, itarekodi, sawa, lakini levo, yaani kiasi cha sauti inachochukua, itakuwa imejiwekea yenyewe (hiyo ndo oto), na kama unachorekodi ni kitu kinatoka mbali, kinakuja, kinapita, kinaenda, yaani treni, basi umerekodi hewa. Nitaeleza hapo mbele. Jina la kampuni siliweki hapa, juu ziko aina tatu nne zinafanana kama mapacha na bei zao ni za jirani, na haya malalamiko yangu karibu yote utayakuta kwa kila moja. Ni ile ya mkononi, ndogo kama rimoti ya tivi, maiki mbili kule juu zimepishana kama mtu amekunja mikono, inakula mawe mawili ya AAA na kadi ya memori ndogo kama ya simu. Elfu kumi na nne na mia tano, na parseli ya matatu kutoka Nairobi hadi Kisumu nikaongeza mia tatu.

Mimi si mtu wa treni, niseme ukweli. Mimi ni mtu wa spika. Kazi yangu ni kufunga vyombo kwa harusi, matanga na makanisa huku Kisumu na hadi Vihiga, na kila mwaka msimu wa drama za shule ukifika kuna mwalimu rafiki yangu ananiita nimsaidie sauti. Mwaka jana mchezo wao ulikuwa na msichana anaachwa stesheni ya Muhoroni usiku, mama yake ameshapanda, treni inaondoka. Mahali pa watu kulia. Nikatoa sauti ya treni kwa intaneti bila kufikiria sana, nikaipiga siku ya mashindano, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kumbe ile treni ni ya Marekani! Ilikuwa na honi ya sauti tano zimeungana kama kwaya na kengele inagonga ting ting ting ting bila kupumua. Kuna mzazi alisimama akauliza kwa sauti kama Muhoroni siku hizi wanauza aiskrimu. Mwalimu hakunisemesha hadi tukafika Ahero.

Sasa hapo ndo nikasema nitatafuta treni yetu wenyewe. Ya hii reli nyembamba ya mita moja, ile iliyofika Kisumu Desemba 1901 wakati huu mji bado unaitwa Port Florence, juu sauti yake haifanani na nyingine. Hata SGR yetu, ile reli mpya, haifanani nayo. SGR reli zake zimechomelewa zikawa ndefu, gurudumu halipati pengo la kugonga, kwa hivyo ikipita unasikia upepo na mvumo basi. Hii ya zamani vipande vimeungwa kwa vyuma na bolti, na kila gurudumu likifika kwa maungio linagonga. Taka-taka, taka-taka. Ukiongeza mabehewa ya zamani yaliyopakwa rangi upya, chuma kinalia kwa chuma kwenye kona, breki zinapiga chafya, hapo ndo unapata treni ambayo mtu wa Muhoroni atasikia akiwa amefunga macho na aseme eeh, hiyo ni yetu. Na bahati nzuri abiria walirudishiwa treni ya Kisumu Desemba 2021 baada ya miaka ya kimya, kwa hivyo Jumapili jioni nikawa na kitu cha kurekodi.

Kwa nini sikutumia simu? Nilitumia. Simu yangu si mbaya, ni ya elfu thelathini. Lakini simu imetengenezwa imsikie mtu akiongea, kila kitu kingine kwake ni kelele ya kufuta. Treni ilipita mita ishirini kutoka kwangu, ardhi inatetemeka, nikirudi nyumbani kusikiza nasikia mtoto nyuma yangu akisema “baiii” safi kabisa, na treni iko pale nyuma kama mtu anaburuta meza chumba cha jirani. Simu ilikuwa imeamua treni ndo kelele.

Basi ndo nikanunua rekoda. Na Jumapili ya kwanza nikafanya ujinga uleule, sasa kwa kifaa cha bei.

Mahali ni upande wa Kibos, mbele kidogo ukielekea Miwani, ambapo miwa imekaribia reli na kuna kinjia cha watu na boda kinakatiza. Nilichagua hapo, juu dereva hupiga honi akikaribia. Nikasimama kwenye shamba la mtu ambaye nilimuomba ruhusa, mbali na reli yenyewe, na tafadhali ukienda kufanya haya mambo usisimame kwenye tuta la reli, si kwa sababu ya askari tu, treni ya abiria ina ngazi na vyuma vinatokeza, na gizani huwezi kukadiria inakuja kwa spidi gani. Nikabonyeza nikangoja. Vyura, nyenje, mbwa wa mbali, kesha la kanisa mahali fulani limeanza mapema. Halafu honi, mbali sana, upande wa mjini. Nywele zilinisimama. Halafu mngurumo, halafu taa, halafu ikapita yote, halafu ikaenda kwa miwa, ikabaki honi moja ya mwisho, na vyura wakarudi mmoja mmoja kama watu wanatoka kujificha.

Nyumbani nikavaa hedifoni. Vyura walikuwa wanapiga kelele kama wako mdomoni mwangu. Treni ilipokuja, vyura wakazama, treni ikawa na sauti ileile ya vyura. Ilipoenda, vyura wakapanda polepole tena hadi wakalingana na treni. Yaani dakika sita za sauti moja iliyolingana kama ugali. Hiyo ndo oto levo. Kazi yake ni kuinua kilicho kidogo na kukandamiza kilicho kikubwa ili vyote visikike sawa, na kwa mkutano wa chama au mahubiri ni kitu kizuri sana, nimeitumia kwa mahubiri na sina neno. Lakini treni inayopita ni kuja na kwenda. Ukitoa kuja na ukitoa kwenda unabaki na nini, na hii kampuni wameiacha oto imewashwa tangu kiwandani na kuizima unaingia kwa menyu mara tatu, menyu yenyewe maandishi kama ya chini ya mkataba wa benki.

Kwa hivyo ukinunua: menyu, levo, oto, zima. Kabla hata hujatoa karatasi ya skrini.

Ukishazima ndo unaona kwamba kumbe kifaa ni kizuri. Kiko na biti 24, na hiyo maana yake kwa lugha ya jikoni ni kwamba unaweza kurekodi chini chini kisha upandishe baadaye kwa kompyuta bila kupandisha takataka nyingi. Watu wa spika tumezoea kusukuma levo hadi taa nyekundu iguse, huku usifanye hivyo. Mimi naweka ili kelele kubwa ninayotarajia ifike kama -12, yaani desibeli 12 chini ya mahali sauti inapasuka, nabakisha nafasi, juu honi haikuambii inakuja lini. Jumapili ya pili niliweka -6 nikijiona mjanja, dereva akashika honi akiwa mbele yangu kabisa na faili likapasuka, ukiitazama kwa kompyuta mawimbi yamekatwa vichwa kama nyasi imepita fyekeo. Ikipasuka hivyo hakuna dawa. Ziko rekoda mpya za biti 32 za floti ambazo faili halipasuki hivyo, unarekodi tu na unarekebisha nyumbani, maiki yenyewe ndo inaweza kushindwa na kelele ikizidi. Yangu haina hiyo. Kama una hela ya kuongeza, ongeza, hutajuta kama mimi nilivyojuta ile Jumapili nikirudi Kondele kwa boda bila kuongea.

Kadi: kwa biti 24 na sampuli 48 elfu kwa sekunde, stereo, dakika moja inakula kama MB 17, saa moja kama GB moja. GB 32 zinakutosha mwezi. Muuzaji aliniandikia kwa tangazo kwamba kadi iko ndani, na kweli ilikuwa ndani, ya GB 4 na ilikataa kufomatiwa. Nikampigia akasema ni “zawadi”. Haya.

Upepo sasa. Hapa ndo kampuni wamenikosea adabu kweli. Ndani ya boksi kuna kisponji cheusi cha kuvalisha maiki, kitabu chao kinakiita kinga ya upepo. Kinga ya upepo wa nini, wa kupumua? Kisumu jioni ziwa linapumua, mtu yeyote aliyeanika nguo huku anajua, na huo upepo ukiingia kwa hizo maiki mbili unasikia vuu, vuu, bup, kama mtu anakunja turubai ndani ya sikio lako. Jumapili hiyo ya pili hata isingepasuka haingefaa, juu upepo ulikuwa umeshaimaliza. Dawa yake ni manyoya. Manyoya marefu yanavunja upepo kabla ufike kwa maiki na sauti inapita. Kampuni wanauza manyoya yao kando, elfu mbili na kitu, na hapa Kisumu sikuyapata.

Nilienda Kibuye kwa mitumba nikatafuta jaketi ya baridi yenye kofia ya manyoya. Mama mmoja akanitolea ya mtoto, ya waridi, mia na hamsini.

“Ya msichana wako ana miaka mingapi?”

“Si ya mtoto, mama. Ni ya maiki.”

Akaniangalia. “Maiki ndo nani?”

Fundi wa cherehani akakata ule ukanda wa manyoya akashona kofia kidogo yenye lastiki chini, hamsini bob, nikaivalisha juu ya kile kisponji. Rekoda sasa inafanana na kitu kimekufa barabarani kikapakwa rangi ya waridi, lakini upepo umekwisha. Hauishi wote, ule wa mvua ikikaribia bado unagonga, lakini wa kawaida umekwisha. Mia mbili jumla. Ukinunua hii rekoda ukaikosa hii kofia nakuambia hujanunua chochote.

Kuna swichi ya kukata sauti za chini pia, hezi 80 kushuka chini, ambayo kitabu kinasema uwashe kukiwa na upepo. Kwa mtu anayeongea, washa. Kwa treni usiiguse. Mngurumo wa dizeli kubwa unaishi hukohuko chini, ile sauti unayoisikia kwa kifua kabla ya masikio, ukiikata treni inakuwa bati. Rekodi yote, punguza nyumbani.

Na kuishika kwa mkono usahau. Mwili wake ni plastiki tupu, ukisogeza kidole unasikia kama panya kwa dari, na hata kile kitufe chekundu chenyewe kinaingia kwa rekodi, tak, mwanzo na mwisho. Nimeifunga kwa stendi ndogo ya simu, na chini ya miguu ya stendi naweka vipande vya sponji ya kuosha vyombo, juu treni ikipita ardhi inapanda na stendi hadi kwa maiki. Hii hakuna mtu aliniambia, niliigundua, juu sahani zilikuwa zinalia kwa rekodi na hakukuwa na sahani, ilikuwa ni skrubu ya stendi imelegea.

Kuielekeza nayo ni kazi. Nilidhani unaelekeza maiki kule treni inatoka, kama unamsubiri mgeni. Hapana. Ukifanya hivyo inakuja katikati inakaa katikati. Simama upande, rekoda iangalie reli uso kwa uso, hapo zile maiki mbili zilizopishana zinagawana kazi, treni inaingia sikio la kushoto, inajaa kichwa chote, inatokea la kulia. Mara ya kwanza kuisikia hivyo kwa hedifoni niligeuza shingo kama mjinga chumbani kwangu.

Jumapili ya tatu ndo ilikuwa. Manyoya ya waridi, levo -12, oto imezimwa, sponji chini, nikafika mapema mno. Na ukifika mapema mahali kama hapo na kifaa cha ajabu kwenye stendi unapata wageni. Mzee mmoja mwenye baiskeli alisimama kwa mbali akaniangalia sana, halafu akaja karibu bila salamu, akauliza mimi ni wa serikali. Nikamwambia hapana mzee wangu, narekodi treni. Hakuamini. “Nyinyi ndo mnakuja kuweka X?” Sikumlaumu, watu waliokaa kando ya reli wameshaona ile X nyekundu ikipakwa kwa kuta halafu tingatinga likifuata, mtu akija na stendi lazima uulize. Nikamvalisha hedifoni. Akasikiza. Akasikia mlio wa mnyororo wa baiskeli yake mwenyewe, aliyoishikilia, akaiangalia, akaisukuma kidogo mbele, kidogo nyuma, akacheka hadi akakaa chini. Alibaki na mimi hadi mwisho na ndo alinyamazisha watoto wote walionifuata, kitu ambacho mimi nilikuwa nimeshindwa.

Rekodi ni dakika saba. Dakika mbili za kwanza ni vyura na nyenje, chini kabisa, unadhani rekoda imeharibika. Halafu honi ya kwanza, ndogo kama mtu anapuliza chupa. Kimya tena, karibu dakika nzima, kitu kiko hapo lakini hujui kama ni treni au ni lori la miwa. Halafu reli zinaanza kunong'ona. Sijui niite nini, ni kama mtu anapitisha kisu kwenye kisu mbali mbali. Honi ya pili, hiyo sasa imekuwa mnyama. Injini ikipita kila kitu kinapotea, unasikia chuma, mafuta, joto, ndiyo nasema unasikia joto, halafu injini inakwenda na kwa ghafla ndo mabehewa, taka-taka, taka-taka, taka-taka, ndani ya mojawapo mwanamke anacheka, kicheko chote kinapita kutoka kushoto hadi kulia kwa sekunde moja au mbili. Hicho kicheko nimekisikiza zaidi ya mara hamsini. Vyura wanarudi.

Kwa wale wa muziki kuna kitu kingine. Dereva alishika ile honi akiwa anakuja hadi amepita, na unaisikia inashuka, kila treni inafanya hivyo, ikija mawimbi yanabanwa sauti inapanda, ikienda yanavutwa inashuka. Nikapeleka faili kwa kinanda cha kanisa nikatafuta nota. Ilishuka kibonyezo kimoja tu, nusu toni. Nikakaa na kalamu: sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde, nusu toni ni kama asilimia sita ya tofauti kati ya kuja na kwenda, gawa hiyo mara mbili, inakuja kama mita kumi kwa sekunde. Kama kilomita 35 kwa saa. Rekoda ya elfu kumi na nne imenipa spidi ya treni na mimi nilikuwa nimeifuata honi.

Nilitaka mtu anayejua aiskize kabla ya kuipeleka kwa mwalimu nisichekwe tena. Kuna jirani yetu mzee alifanya kazi ya reli, alianza lokoshedi ya Nakuru, karakana ya injini, akiwa kijana, kazi ya faiaman, mtu wa kutunza moto wa injini. Nikampelekea. Alivaa hedifoni, akafunga macho, akaweka kidole mezani, na mabehewa yalipoanza akawa anagonga kidole kimoja kimoja. Mwisho akasema idadi ya mabehewa. Mimi nilikuwa nimeyahesabu kwa skrini ya kompyuta nikiangalia mawimbi, magurudumu manane kila behewa, yaani ekseli nne, mbili mbele mbili nyuma, ndo maana ya taka-taka halafu nafasi halafu taka-taka. Tulipatana. Aliongeza kwamba la tatu kutoka mwisho gurudumu moja lina bapa, limeburuzwa na breki siku moja. Nikarudi nikasikiza. Kweli, kuna tuk, tuk, tuk ndani ya taka-taka, sikuwa nimeisikia.

Kama hiyo haitoshi kama pointi kwa rekoda sijui utake nini. Simu isingempa mzee hilo gurudumu.

Halafu nikamuuliza kitu ambacho nilikuwa nataka, kama ile injini ya moshi ya zamani ilikuwa inalia vipi. Juu mimi nimeiona tu, pale makumbusho ya reli Nairobi, ile kubwa namba 5918, Mount Gelai, klasi ya 59, aina ya Garrati iliyotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, tani 252, za klasi hiyo zilikuja 34 katikati ya miaka ya 1950 na hakukuwa na ya moshi yenye nguvu kuzishinda kwenye reli ya mita moja duniani. Nilipoenda ilikuwa imesimama kimya. Huwezi kurekodi kitu kimesimama. Wenzetu Uingereza walikuwa na mtu kama Peter Handford aliyezunguka na mashine za tepu miaka ya 1950 akirekodi treni za moshi zikipita kabla zifutwe, na huyohuyo mwaka 1986 akawa kati ya waliopewa Oscar ya sauti kwa filamu iliyopigwa hapahapa Kenya. Mimi nimechelewa miaka arobaini na kitu.

Mzee akasema kwanza nisiseme makaa, zile zilichoma mafuta mazito, faiaman hakuwa na koleo, alikuwa na vali. Halafu akasema, Garrati ni injini mbili chini ya boila moja, moja mbele moja nyuma, na hazijaunganishwa. Kila moja inazunguka kivyake. Akasukuma vikombe vya chai kando, akaweka viganja viwili mezani.

“Ikiondoka, wuoda, mwanangu, zinakwenda pamoja.” Akapiga mikono yote miwili mara moja, nzito, polepole. Pa. Pa. Pa. Pa. “Halafu moja inateleza kidogo.” Mkono wa kulia ukaanza kuchelewa, kidogo tu, mapigo yakawa mapana, pa-a, pa-a, halafu yakajitenga kabisa, pa-ta pa-ta pa-ta pa-ta, unasikia treni imeongeza spidi mara mbili na mikono haijaongeza chochote, halafu polepole mkono wa kulia ukaufikia wa kushoto, yakaungana tena, pa, pa, pa. Alisema kupanda Mau usiku unalala kwa hiyo sauti na unaamka kwa hiyo sauti, na kwamba mkewe akiwa kitandani alikuwa anajua kwa hiyo sauti mumewe amepanda na dereva gani.

Mama wa nyumba akauliza kutoka jikoni ni nani anagonga mlango.

Sasa nyota naipa hii kitu nne kwa tano. Moja nimeitoa kwa ile oto na kisponji, na nusu nilitaka kuitoa kwa kadi ya zawadi lakini hiyo ni ya muuzaji. Kama unarekodi watu wakiongea tu usiinunue, simu inakutosha. Kama unarekodi ndege, mvua kwa mabati, kwaya, treni, nunua, uweke na bei ya jaketi ya mtoto. Mawe nunua ya alkalini, ya kawaida yanakufa kabla ya treni kufika. Mwalimu amekubali ile ya Kibos kwa mchezo wa mwaka huu, tunakata dakika saba kuwa moja na nusu, tumegombana kama kicheko cha yule mwanamke kibaki, mimi nasema kibaki.

Na ile rekodi ya mzee akipiga meza pia iko. Rekoda ilikuwa kati ya vikombe tangu mwanzo, oto imezimwa, -12. Dakika nne, MB 69. Kuna vijiko vinacheza kwa sahani pale mikono inapoungana, sijavitoa.